Mia na Tisini na Moja: Doña Nero Anaiacha Meza ya Karani

Bi Enerolisa Mota Jiménez, ambaye mji wetu mzima wa Rufina unamwita Doña Nero, anastaafu leo Jumapili, tarehe 27 Julai 2025, baada ya kuitumikia ligi yetu ya besiboli kwa miaka arobaini akiwa karani wa mchezo. Alikaa mezani mara ya kwanza Aprili 1985, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, penseli mbili na mto wa kukalia alioshonewa na mama yake. Mto umebadilishwa mara sita. Penseli hazihesabiki. Karani ni yuleyule.

Rais wa klabu, Don Fello Ventura, aliniagiza ukurasa mmoja wa kuchapwa nyuma ya ratiba ya leo. "Ukurasa mmoja tu, Wascar," alisema, "na usijisifu." La kwanza limenishinda, kama mnavyoona. La pili ninajitahidi, ingawa mimi ndiye mtangazaji wa spika wa uwanja huu tangu mwaka 2019, na sauti yangu hufika hadi kiwanda cha sukari bila kutumia nguvu. Shule niliiachia darasa la nane. Yaliyobaki kichwani mwangu ameyatia Doña Nero, kwa hiyo mkikuta tarehe iliyokosewa humu, mlaumuni mwalimu.

Kwa wale wanaokuja uwanjani kula maandazi ya yaniqueque tu, naeleza kidogo. Karani ndiye anayeandika kila kinachotokea, na ndiye anayeamua jambo zito kuliko yote: mpira ukimpita mlinzi, je, mpigaji amepiga vizuri au mlinzi amefanya kosa? Herufi moja tu kwenye karatasi, lakini kuna wanaume wa kilo mia waliompigia magoti Doña Nero kwa ajili ya herufi hiyo.

"Doña, lile halikuwa kosa. Jua lilinipiga machoni!"

"Jua lipo hapo tangu asubuhi, mwanangu. Wewe ndiye uliyechelewa."

Hakupendelea mtu. Mpwa wake mwenyewe, aliyelinda kituo cha pili misimu mitano, aliandikiwa makosa thelathini na moja, na kila Krismasi alikuwa akiketi meza moja na shangazi yake bila kumsalimia. Mwaka 2003 mbwa wa muuza nazi aliukamata mpira katikati ya mchezo na kuingia nao chini ya jukwaa, na wachezaji watatu wakakimbia hadi kituo cha nyumbani huku kocha wa wageni akitupa kofia chini. Mwamuzi akakubali pointi zote tatu, kwa kuwa hakuna sheria yoyote iliyowahi kumtaja mbwa. Ikabaki kazi ya karani: kosa aandikiwe nani? Doña Nero alifikiri kwa dakika nne, watu mia sita wakimsubiri, kisha akatangaza kwamba mbwa hana namba mgongoni, hivyo haandikiki, na kosa ni la kocha wa wageni aliyemtupia mfupa kipindi kilichotangulia. Alikuwa amemwona. Yeye huona kila kitu.

Lakini kazi iliyomjengea jina ni Swali la Kipindi cha Saba. Alilianzisha mwaka 1988, na tangu hapo halijakosekana hata Jumapili moja. Kipindi cha saba kikifika katikati, swali moja linasomwa kuhusu historia ya besiboli au rekodi zake. Anayejua anashuka hadi kwenye uzio, anasimama mbele ya meza ya karani na kujibu. Jibu la kupigiwa kelele kutoka juu halihesabiki. Akipatia, anapewa kopo la halua ya maziwa aliyoipika Doña Nero mwenyewe. Akikosa, anarudi jukwaani kwa miguu yake, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote Rufina.

Na maswali yake si ya kubembeleza. Siku ile Juan Marichal wetu aliporusha vipindi kumi na sita na kushinda kwa pointi moja kwa bila, mwaka 1963, mpinzani wake aliyemng'ang'ania karibu mpaka mwisho alikuwa na umri gani? Arobaini na miwili. Ni mrushaji gani aliyerusha vipindi kumi na viwili bila mtu hata mmoja kufika kituo cha kwanza, na bado akashindwa mchezo? Harvey Haddix, mwaka 1959, na ukimuuliza Doña Nero habari ya kipindi cha kumi na tatu, anageuza uso kwanza. Kuna mwaka alikuja hapa msaka vipaji kutoka Marekani, saa ya dhahabu mkononi, akasema maswali yetu ni ya watoto. Doña Nero akamuuliza: nani alipiga mpira salama kwa timu mbili tofauti, katika miji miwili tofauti, siku moja?

"Haiwezekani," akasema msaka vipaji.

"Iliwezekana Agosti 1982," akasema Doña Nero. "Joel Youngblood. Mchana Chicago akiwa na New York, jioni Philadelphia akiwa na Montreal, maana walimuuza katikati ya siku. Rudi ukakae, bwana. Halua leo naila mwenyewe."

Jambo la tatu alilotuachia ni Ukurasa wa Masahihisho. Kila daftari la msimu lina ukurasa wa mwisho ambao karani anaandika makosa yake mwenyewe. Ligi nyingine hazina ukurasa kama huo. Makarani wa kwingine, inaonekana, hawakosei. Sisi tunao, na masahihisho husomwa kwenye spika mchezo wa kwanza wa msimu unaofuata. Sheria yake ni moja: sahihisho husomwa mpaka aliyekosewa alisikie. Mlinzi aliyeandikiwa kosa lisilo lake anakuja, anasikia, anainua mkono, basi limekwisha. Mengi huisha siku hiyohiyo.

Moja halikuisha. Mnalijua wote. Mchezo wa kwanza wa kila msimu, tangu Aprili 2000, linasomwa hivi: "Karani alikosea. Jumapili ya tarehe 16 Juni 1996, jibu la Rosendo Marte, mia na tisini na moja, lilikuwa sahihi." Na jukwaa la jua, lile lisilo na paa, linaitikia kwa pamoja, kama kanisani: "Na mooooja!" Halafu watu wanacheka na mchezo unaanza. Mwaka wa korona, ligi ilipofungwa, mlinzi wa lango alimkuta Doña Nero mezani peke yake, kipaza sauti cha mkono mdomoni, akiusomea uwanja mtupu. Hakuwepo wa kuitikia.

Mimi nilipopewa spika mara ya kwanza nililisoma sahihisho hilo kwa mbwembwe zangu. Nikaongeza: "Rosendo, popote ulipo, halua yako ipo! Imeota ndevu, lakini ipo!" Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Doña Nero alinyoosha mkono, akachomoa waya wa spika, na hakusema nami kwa wiki mbili. Ananiandikia swali, ananisukumia karatasi, ananitazama kama natoka ligi nyingine. Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Doña, samahani. Lakini huyo Rosendo ni nani hata niadhibiwe hivi? Alikudai?"

"Kaa chini," akasema. "Na ufunge hilo domo, maana likiwa wazi masikio yako hayafanyi kazi."

Alinieleza, na leo amenipa ruhusa niyaandike, kwa sharti kwamba nisiyatie chumvi. Nimetia kidogo tu, penye kocha na mfupa.

Rosendo Marte alikuwa fundi wa treni ya miwa. Misimu miwili mfululizo aliketi safu ya tatu, nyuma tu ya meza ya karani. Kila Jumapili alinunua chupa mbili za mabí baridi. Moja akanywa, nyingine "akaisahau" mezani kwa Doña Nero. Hawakuzungumza habari nyingine ila besiboli. Yeye alikuwa na magazeti ya zamani aliyoletewa na mabaharia wa meli za sukari. Doña Nero alikuwa na kitabu kikubwa cha rekodi, ambacho hadi leo anakibeba ndani ya foronya. Wanabishana mpaka mchezo unakwisha, na ukikwisha kila mtu anashika njia yake, kwani Doña Nero alikuwa na mama mgonjwa nyumbani, na Rosendo alikuwa na haya. Nani angedhani fundi wa treni ana haya.

Juni ile karatasi za Rosendo za kwenda Marekani zilikuwa zimetoka. Mjomba wake alikuwa Providence, kazi ilikuwa inamsubiri. Basi Jumapili ya tarehe kumi na sita akasimama mbele ya watu wote, kofia mkononi.

"Nero! Leo nikipatia, halua wape watoto. Mimi nataka Jumamosi, ukumbi wa chama, ucheze nami nyimbo tatu. Ukikubali nyimbo tatu, nitamwambia mjomba asubiri."

Jukwaa la jua lilipiga kelele mpaka njiwa wa kiwandani wakaruka. Doña Nero akashika kipaza sauti. "Shuka kwenye uzio kwanza, Marte, tuone kama una kichwa au una kofia tu."

Mfukoni mwake alikuwa na maswali mawili siku hiyo. Moja gumu, la kuua. Moja rahisi, aliloliweka akiba kwa siku ya mvua. Akatoa lile rahisi.

"Nililichagua kwa makusudi, Wascar," aliniambia. "Miaka kumi na moja kazini, sijawahi kumpendelea mtu, na siku hiyo nilimpendelea. Hata mbuzi wa nyuma ya uzio alikuwa analijua jibu."

Swali lilikuwa hili: mwaka 1930, Hack Wilson wa Chicago aliingiza pointi ngapi kwa rungu lake, rekodi ya msimu mmoja ambayo hakuna aliyeivunja? Na kweli, kila mtu alijua. Mia na tisini. Vitabu vyote vilisema mia na tisini. Wazee waliitumia kama namba ya bahati nasibu.

Rosendo alimtazama usoni. Kisha akasema, "Mia na tisini na moja."

Vichwa vikageukiana jukwaani. Halafu sauti moja ikatoka juu: "Rosendo, punguza moja, mwanaume!" Na nyingine: "Punguza moja uoe!" Watu wakaanza kumsihi, wanawake kwa wanaume, mpaka muuza nazi akaacha nazi zake akaja kumvuta shati. Doña Nero akamwuliza mara ya pili, jambo ambalo sheria hairuhusu.

"Mia na tisini na moja," akasema Rosendo.

"Ningeweza kusema amepatia," Doña Nero aliniambia. "Nani angenihoji? Lakini kitabu kilikuwa wazi mapajani mwangu, na mia na tisini ilikuwa inanitazama. Nikasema: umekosa."

Rosendo akavaa kofia, akapanda ngazi, akapita safu ya tatu bila kukaa, akatoka. Wiki iliyofuata alipanda ndege. Mji ukambakishia jina la utani, "Na Moja," na watoto wakalitumia kumtania kila anayebisha asichokijua.

Miaka mitatu baadaye, Juni 1999, wakuu wa besiboli walifungua makaratasi ya zamani na kukiri hadharani: siku moja ya Julai 1930, pointi moja ya Hack Wilson iliandikwa kimakosa kwa jina la mchezaji mwenzake. Rekodi ikabadilishwa rasmi. Mia na tisini na moja. Wachunguzi wa rekodi walikuwa wamelisema hilo kwa zaidi ya miaka ishirini bila kusikilizwa, na mmoja wa waliowasoma alikuwa fundi wa treni ya miwa hapa Rufina.

Doña Nero alipata habari Januari 2000, kitabu kipya kilipofika. Alikisoma jikoni, mbele ya sufuria ya maziwa, na maziwa yakaungua. Ndiyo halua pekee aliyowahi kuunguza. Mjomba wa Providence alikuwa amekufa, nyumba yake imeuzwa, na hakuna aliyejua Rosendo alikohamia. Ikabaki spika. Spika yetu haifiki Providence, hata mimi nikiishika.

Sasa mnielewe kwa nini nakataa kunyamaza kuhusu mimi. Mwaka jana nani aliyefunga simu juu ya nguzo kwa mpira wa baiskeli, ili mchezo uonekane mtandaoni? Don Fello alisema ni upuuzi. Tarehe 14 Aprili 2024, mchezo wa kwanza wa msimu, tulikuwa na watazamaji kumi na wanne, na kati yao saba ni jamaa zangu. Nikalisoma sahihisho taratibu, bila mbwembwe hata moja. Lilikuwa linasomwa mara ya ishirini na tano. Kabla kipindi cha pili hakijaisha, ukaja ujumbe wa sauti kwenye ukurasa wetu. Nikampelekea Doña Nero mezani. Sauti ya mzee, mafua kidogo, na nyuma yake theluji inakwanguliwa au sijui ni nini.

"Wewe kijana mwenye sauti ya bata," ilianza, nami nikamsamehe papo hapo. "Mwambie Nero nimesikia. Mwambie pia kwamba siku ile yeye hakukosea. Kitabu kilisema mia na tisini, nami nilijua kitabu kinasema hivyo. Ila nisingeweza kumpata kwa jibu ambalo mimi mwenyewe siliamini. Sasa na mimi nina swali. Aliuliza watu maisha yake yote, hakuna aliyemuuliza yeye. Yule Satchel Paige aliyekuja kucheza kwetu mwaka 1937, akarudi kurusha kwenye ligi kubwa mwaka 1965 akiwa na miaka hamsini na tisa, wakati kila mtu anadhani ameshakwisha: siku ile alirusha vipindi vingapi, na walimpiga mara ngapi? Asiharakishe. Mimi nipo."

Doña Nero aliisikiliza mara tatu. Kisha akafungua Ukurasa wa Masahihisho, akaandika tarehe na neno moja, "Amesikia," akaufunga. Mpigaji wa kwanza wa kipindi kilichofuata alipiga mpira safi kulia kwa uwanja, na Doña Nero hakuuandika. Ni mimi niliyemgusa bega. Miaka arobaini, pigo moja tu limempita.

"Jibu unalijua, Doña?"

"Nalijua tangu kabla hujazaliwa."

"Basi mpe! Namba yake hii hapa. Nikupigie?"

"Swali hujibiwa mbele ya meza ya aliyeuliza, Wascar. Kwenye uzio. Si kwa kupiga kelele kutoka mbali. Sheria niliitunga mimi, niivunje mimi?"

Nilimwambia ana kichwa kigumu kuliko rungu. Siku ya pili yake akaanza kutafuta pasipoti.

Msimu mzima uliopita na huu wote, kila Jumapili kabla ya mpira wa kwanza, ananiuliza bila kuinua macho kwenye karatasi: "Yupo?" Naangalia simu kwenye nguzo, naona jina la Rosendo kati ya watazamaji, namwambia, "Yupo." Ndipo anachonga penseli. Jumapili mbili za mwezi wa pili aliouliza, hakuwepo. Alikuwa na homa, tulikuja kujua. Jumapili hizo karani wetu aliandika mchezo wote kwa mwandiko wa mtu mwingine, na daftari lipo, nendeni mkaone.

Foleni ya visa ilikuwa ya mwaka na mwezi mmoja. Rufina nzima ilimwambia atakataliwa: mwanamke peke yake, hana mume, hana shamba, hana mtoto wa kumrudisha. Nusu ya jukwaa la jua wamekataliwa, na walikuwa na vyote hivyo. Alikwenda Santo Domingo mwezi Mei na gauni lake la bluu, lile la fainali, na foronya yenye kitabu ndani. Don Fello alimwandikia barua ndefu yenye mhuri. Hakuitoa.

Afisa wa ubalozi alimwuliza dirishani anakwenda Marekani kufanya nini.

"Kurekebisha rekodi," akasema Doña Nero.

"Rekodi ya nani?"

"Yangu."

Afisa alimtazama, akaitazama foronya, akaichukua pasipoti na hakuirudisha. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wanasema ndivyo inavyokuwa ukipewa visa.

Anaondoka Jumanne. Tiketi ni ya kwenda na kurudi, na tarehe ya kurudi ameiacha wazi. Sisi tunabaki na kompyuta ndogo iliyonunuliwa na ligi, ambayo haijui mbwa wala mfupa, na kopo la kahawa lenye maswali mia mbili na kumi aliyoniandikia kwa mkono, bila majibu. Nimemwuliza majibu yako wapi. Amesema niyatafute, sina kazi nyingine ya maana.

Doña Nero, klabu ya Rufina inakushukuru kwa michezo elfu moja na mia mbili uliyoiandika bila kumwogopa mtu. Jukwaa la jua linakushukuru kwa kulijaza elimu isiyolisaidia popote, nayo ndiyo elimu pekee linayojivunia. Mimi nakushukuru kwa waya ule uliouchomoa. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na koti zito, maana huko kuna baridi na wewe unapenda kukaa nje.

Leo kipindi cha saba nitalisoma lile swali la Rosendo kwenye spika, kwa kuwa umeniruhusu. Wako watakaotaka kushuka kwenye uzio wakujibie. Nitawarudisha. Nawe wakikuzunguka baada ya mchezo, wakikubembeleza uwaambie vipindi vingapi na mara ngapi, usitujibu sisi.

Mjibu yeye.

Wascar Lantigua, spika